Embakasi Kabla ya Kugawanywa: Kisa cha Eneo Bunge Lililozidi Uwezo wa Mbunge Mmoja

Kwa nini kisa hiki

Embakasi ya zamani, eneo bunge lililobeba mitaa ya mashariki ya Nairobi, halipo tena. Lilipiga kura kama eneo moja kwa mara ya mwisho katika uchaguzi mkuu wa Desemba 2007 na uchaguzi mdogo wa Juni 2008. Ilipofika Machi 2013 wapiga kura wake wengi walikuta wamegawanywa katika maeneo bunge matano.

Wakenya wengi wanalikumbuka kwa kifo cha mbunge wake, Melitus Mugabe Were, Januari 2008. Ni haki likumbukwe hivyo. Lakini anayetaka kujifunza jinsi uwakilishi unavyoharibika na jinsi unavyoweza kutengenezwa, aanze na hesabu ya watu. Sensa ya mwaka 2009 ilikuta Embakasi ina watu 925,775. Lamu Mashariki ilikuwa na 18,841. Kila upande ulikuwa na mbunge mmoja, mwenye kura moja Bungeni. Mkazi mmoja wa Lamu Mashariki alikuwa na uzito wa wakazi 49 wa Embakasi. Mengi yaliyotokea katika eneo bunge hili kati ya 1992 na 2013 yanaeleweka vizuri zaidi ukiishika takwimu hiyo mkononi.

Wabunge na wagombea wakuu nimewataja kwa majina kwa sababu rekodi zao ni za umma. Wapiga kura, makarani na maajenti wa vituoni hawatajwi.

Mahali penyewe

Embakasi ya zamani ilikuwa na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, sehemu kubwa ya eneo la viwanda, na mitaa isiyofanana hata kidogo. Dandora ilijengwa miaka ya 1970 kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia: mwananchi alipewa ploti yenye maji na choo, akajijengea vyumba taratibu kadiri ya uwezo wake. Umoja ilijengwa kwa msaada wa Wamarekani ikiwa nyumba za watumishi wa kipato cha kati, na baadaye magorofa ya kupangisha yakajipenyeza humo humo. Kayole ikafuata. Kando ya viwanda palikuwa na Mukuru kwa Njenga na Mukuru kwa Reuben, vijiji vya mabati ambako wafanyakazi wa kiwandani waliishi kwa sababu ndiko walikomudu kodi na kwenda kazini kwa miguu. Mashariki zaidi, Njiru na Ruai, palikuwa bado na mashamba na ploti tupu zilizogombaniwa.

Mji uliotaka kukua ulikua kuelekea huku. Aliyefika Nairobi kutafuta kazi, aliyehamishwa katikati ya jiji, aliyepata ploti ya kwanza kupitia chama cha ushirika, wote walielekea mashariki. Hesabu ya watu ilipanda kila mwaka, na idadi ya wabunge ikabaki moja.

Miaka ya vyama vingi, 1992 hadi 2002

Uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi ulifanyika tarehe 29 Desemba 1992. Nairobi ilikuwa na viti vinane. FORD-Asili ya Kenneth Matiba ilichukua sita, na Embakasi ikawa mojawapo, ikimpeleka Bungeni Henry Ruhiu. Mwaka 1997 kiti kilimwendea David Mwenje wa chama cha DP, chama cha Mwai Kibaki. Mwaka 2002 Mwenje alirudi kwa tiketi ya NARC, wimbi lililoiondoa KANU madarakani.

Ukisoma orodha hiyo peke yake utadhani Embakasi ilikuwa ngome tulivu ya upinzani. Kilicho muhimu kinaonekana nje ya eneo bunge lenyewe. Mwaka 1992 Daniel arap Moi alishinda urais kwa takriban asilimia 36 ya kura, na KANU ikapata viti 100 kati ya 188. Chama kilichoshindwa kufikisha hata asilimia 40 ya kura za urais kilikuwa na wingi Bungeni. Upinzani uligawanyika, ndiyo, na hilo lilimsaidia Moi sana. Lakini ramani nayo ilimsaidia: maeneo yenye watu wachache yalikuwa na viti vingi, na miji, hasa Nairobi, ilibanwa.

Kabla ya uchaguzi wa 1997 viti viliongezwa kutoka 188 hadi 210. Vilikuwa viti 22 vipya, na Nairobi haikupata hata kimoja. Huo ndio uamuzi wa kwanza wa kuukagua katika kisa hiki, na sababu zake hazihitaji kupekuliwa sana. Serikali iliyokuwa na nguvu vijijini haikuwa na haja ya kuongeza viti jijini, mahali ilipokuwa ikishindwa. Matokeo yake ni kwamba Embakasi iliyokuwa ikifurika watu iliingia karne mpya na mbunge mmoja.

Uonevu huo ulizidi kuuma mwaka 2003, sheria ya hazina ya ustawi wa maeneo bunge, CDF, ilipopitishwa. Robo tatu ya fedha ziligawanywa sawasawa kwa maeneo bunge yote 210, na robo iliyobaki ikagawanywa kwa kuzingatia umaskini. Kwa fungu lile la robo tatu, Embakasi na Lamu Mashariki zilipokea kiasi kile kile. Mtoto wa Mukuru aliyeomba basari alishindana na watoto wa mitaa kumi na zaidi, kwa mfuko ambao kwingineko ulihudumia watu wa tarafa chache. Hapo ndipo suala la mipaka lilipoacha kuwa la wanasheria. Liligusa karo ya shule, vyoo vya sokoni na barabara ya matope kutoka nyumbani hadi kwenye stendi ya matatu.

Desemba 2007: kiti kinahama upande

Uchaguzi wa 27 Desemba 2007 ulimweka Kibaki, chini ya mwavuli wa PNU, dhidi ya Raila Odinga wa ODM. Nairobi wawili hao walikaribiana kwa kura za urais. Kwa ubunge mambo yalikuwa tofauti: ODM ilipata viti vitano jijini, PNU viwili, na Kamukunji haikupata mshindi. Embakasi ilimchagua Were, mfanyabiashara aliyekuwa diwani, kwa tiketi ya ODM. Eneo lililokuwa limechagua FORD-Asili, DP na NARC kwa zamu sasa lilikuwa mikononi mwa upande wa pili.

Sehemu ya maelezo iko katika uamuzi wa PNU yenyewe. Mwavuli huo ulikuwa wa vyama vingi, na vyama hivyo viliruhusiwa kusimamisha kila kimoja mgombea wake wa ubunge hata pale vilipomuunga mkono rais mmoja. Viongozi walidhani kila chama kingewaleta watu wake kituoni, na kura zote zimfae Kibaki. Kwa urais hesabu hiyo ilikuwa na mantiki. Kwa ubunge ilikuwa hatari, kwa sababu kwetu anayeongoza ndiye mbunge, hata kama hakufikia nusu ya kura. ODM ilikuja na mgombea mmoja.

Upande wa pili wa maelezo ni watu wenyewe. Embakasi ya 2007 haikuwa ya 1992. Vijana wapangaji kutoka kila pembe ya nchi walikuwa wengi kuliko wenye ploti wa mwanzo. Wanasiasa waliozoea kuliona eneo hili kama mali ya jamii moja walichelewa kulitambua hilo.

Wiki mbili, kisha ukimya wa miezi minne

Bunge lilikutana tarehe 15 Januari 2008 nchi ikiwa inawaka kwa vurugu zilizofuata ubishi juu ya matokeo ya urais. Kiti cha Spika kiligombaniwa kwa duru tatu, na Kenneth Marende wa ODM akamshinda Francis ole Kaparo kwa kura 105 dhidi ya 101. Kura nne tu. Katika Bunge la namna hiyo, kila mbunge aliyeketi upande mmoja alikuwa na thamani isiyo ya kawaida, na mbunge wa Embakasi alikuwa mmoja wao.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Januari, Were alipigwa risasi nje ya nyumba yake mtaa wa Woodley na kufariki. Alikuwa mbunge kwa wiki mbili. ODM iliyaita mauaji ya kisiasa. Polisi waliyachunguza kama uhalifu wa mauaji. Vurugu zilizuka upya jijini siku hiyo hiyo. Siku mbili baadaye mbunge mwingine wa ODM, David Kimutai Too wa Ainamoi, aliuawa na askari polisi mjini Eldoret. Nchi nzima ilisimama ukingoni.

Ninataka msomaji atulie hapa kidogo. Mazungumzo yaliyoongozwa na Kofi Annan yalizaa mwafaka tarehe 28 Februari, na serikali ya muungano ikaundwa Aprili. Uchaguzi mdogo wa Embakasi ulifanyika tarehe 11 Juni. Kuanzia mwisho wa Januari hadi katikati ya Juni, miezi minne na nusu, watu waliokaribia milioni moja hawakuwa na mtu wa kuwasemea Bungeni. Ni miezi hiyo hiyo ambayo wengi wao walifukuzwa kwenye nyumba za kupanga kwa sababu ya kabila, biashara zao zikachomwa, na familia zikahamia kwa jamaa mitaa mingine. Bunge lilipojadili fidia, usalama na kurejeshwa kwa wakimbizi wa ndani, kiti cha eneo bunge lenye watu wengi kuliko yote nchini kilikuwa tupu.

Kuchelewa huko kulikuwa na sababu. Tume ya uchaguzi, ECK, ilikuwa imepoteza imani ya umma, na hakuna aliyetaka uchaguzi mwingine Nairobi kabla moto haujapoa. Nadhani kusubiri kulikuwa sahihi. Kosa lilikuwa la ramani: iliweka watu wengi kiasi hicho nyuma ya mlango mmoja, hata risasi iliyomwangusha mtu mmoja ikawanyamazisha wote.

Uchaguzi mdogo wa Juni 2008

Siku hiyo ya tarehe 11 Juni maeneo bunge matano yalipiga kura: Embakasi, Ainamoi, Emuhaya, Kilgoris na Wajir Kaskazini. Msiba ulikuwa haujaisha. Siku moja kabla, ndege iliyowabeba waziri Kipkalya Kones na Lorna Laboso, wote wa ODM, ilianguka na kuwaua.

Embakasi, ODM ilimsimamisha Esther Passaris na PNU ikamsimamisha Ferdinand Waititu, aliyewahi kuwa diwani na naibu meya wa jiji. Vyama hivyo viwili vilikuwa vimeketi meza moja ya Baraza la Mawaziri, na huku mitaani vikapambana kana kwamba mwafaka haujatiwa sahihi. Waititu alishinda.

Kila chama kilikuwa na hoja yake katika kuchagua mgombea. ODM ilihitaji mtu anayejulikana jiji zima, anayeweza kuvutia kura nje ya jamii zilizompa Were ushindi, na Passaris alikuwa na jina hilo. PNU ilihitaji mtu wa mitaani, aliyefahamika barazani na sokoni, anayeweza kukusanya kura zilizotawanyika mwaka uliotangulia. Katika uchaguzi mdogo ambao wengi hawakuwa na hamu ya kurudi kituoni, aliyekuwa na mtandao wa mtaa hadi mtaa alikuwa na nguvu zaidi. Na safari hii kambi ya PNU haikuigawa nguvu yake kama ilivyofanya Desemba.

Miezi sita ilitosha kiti kimoja kivuke kutoka upande huu hadi ule bila watu wenyewe kubadilika sana. Hilo latufundisha tuwe waangalifu tunaposema eneo fulani "ni la" chama fulani.

Hesabu za ugawaji

Septemba 2008 tume ya Jaji Johann Kriegler ilitoa ripoti yake kuhusu uchaguzi wa 2007, na kati ya kasoro ilizozitaja ni tofauti kubwa ya ukubwa wa maeneo bunge. Tume ya muda ya mipaka chini ya Andrew Ligale ilipewa kazi ya kupendekeza ramani mpya. Ilimaliza mwaka 2010, na mapendekezo yake yakazua vita vya maneno na kesi mahakamani. Katiba mpya, iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010, ilikuwa imekwisha kuweka viti 290 na kanuni ya idadi ya watu. Kazi ikaangukia tume mpya ya uchaguzi na mipaka, IEBC, chini ya Issack Hassan, iliyochapisha mipaka Machi 2012. Malalamiko zaidi ya mia moja yalikusanywa mahakamani, na Julai 2012 Mahakama Kuu ikaiacha ramani isimame kwa sehemu kubwa.

Ukichukua Wakenya 38,610,097 wa sensa ya 2009 ukawagawanya kwa viti 290, kila kiti kinapata watu 133,138. Kifungu cha 89 kinaruhusu kupita au kupungua kwa asilimia 40 katika miji mikubwa na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Kwa wastani ule, Embakasi ya zamani ilistahili karibu viti saba. Ukiongeza asilimia 40, kiti cha mjini kinaweza kubeba hadi watu 186,393. Gawanya 925,775 kwa tano: 185,155. Mipaka haikufuata ile ya zamani kikamilifu, kwani Njiru na Ruai zilipelekwa Kasarani, lakini hesabu hii ya haraka inaonyesha kwa nini jibu lilikuwa tano. Ndiyo idadi ndogo kabisa ambayo katiba ingeikubali.

Nairobi nzima ilifanyiwa hivyo hivyo. Watu 3,138,369 walistahili viti 23 na nusu. Walipewa 17, yaani watu 184,610 kwa kiti. Ruhusa ya asilimia 40 iliandikwa ikiwa mlango wa pande mbili, na kwa jiji ulifunguliwa upande mmoja tu.

Ni haki kueleza kwa nini. Jedwali la Sita la katiba lilisema hakuna eneo bunge lililokuwepo litakalopotea katika mapitio ya kwanza. Maeneo zaidi ya ishirini yasiyofikisha idadi yalilindwa, Lamu Mashariki likiwemo. Viti hivyo vilitoka mahali fulani, na vilitoka mijini. Ninaielewa hoja ya visiwa na ya kaunti kavu za kaskazini: mbunge wa huko husafiri siku nzima kumfikia mpiga kura mmoja, na jamii ndogo ikipoteza kiti huenda isisikike tena. Hoja hiyo ni ya kweli. Ila ilimalizia mzigo wake kwa wapangaji wa Pipeline na Kayole, ambao nao hawakuulizwa.

Embakasi tano

Machi 2013 watu walipiga kura katika Embakasi Kusini (Imara Daima, Kwa Njenga, Kwa Reuben, Pipeline, Kware), Kaskazini (Dandora na Kariobangi Kaskazini), Kati (Kayole, Komarock, Matopeni), Mashariki (Savannah, Embakasi yenyewe, Utawala, Mihang'o) na Magharibi (Umoja, Mowlem, Kariobangi Kusini). Chama cha TNA kilipata viti vitatu: James Gakuya Kaskazini, John Ndirangu Kati na George Theuri Magharibi. ODM ikapata viwili: Irshad Sumra Kusini na John Omondi Mashariki. Waititu, mbunge wa mwisho wa Embakasi moja, aliwania ugavana wa Nairobi na kushindwa na Evans Kidero.

Mwaka 2022 ramani ilikuwa ya rangi zaidi: UDA viti viwili, na Jubilee, Wiper na ODM kimoja kimoja. Embakasi Magharibi ilimchagua Mark Mwenje, mwana wa David Mwenje.

Kilichofaa na kilichoshindikana

Kugawanya kulifaa. Chini ya eneo bunge moja, mshindi alichukua kila kitu na nusu nyingine ya watu ikabaki bila sauti. Kwa viti vitano, pande zote mbili kubwa za siasa za jiji zimepata nafasi katika kila uchaguzi tangu 2013. Wamiliki wa nyumba wa Utawala wenye shida ya maji taka na wapangaji wa Kwa Reuben wenye hofu ya kubomolewa hawagombanii tena mbunge mmoja, wala mfuko mmoja wa basari.

Ugomvi nao ulihamia mahakamani, na hilo nalihesabu kuwa faida kubwa. Matokeo ya 2017 ya Embakasi Mashariki na Kusini yalipingwa. Mashariki, Mahakama Kuu ilifuta ushindi wa Paul Ongili, anayejulikana kama Babu Owino, na Mahakama ya Rufani ikaurudisha. Kusini, ushindi wa Julius Mawathe wa Wiper ulifutwa, na akashinda tena katika uchaguzi mdogo wa tarehe 5 Aprili 2019. Miezi ishirini ni mirefu mno kwa kiti kuwa na shaka juu yake, na lazima ifupishwe. Lakini hakuna nyumba iliyochomwa kwa ajili ya kesi hizo.

Kilichoshindikana ni kulichukulia zoezi la 2012 kama tiba ya kudumu. Mitaa hii haikusimama kukua siku ramani ilipochapishwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi na 47,564,296 nchini. Wastani wa kiti kimoja sasa ni watu 164,015. Nairobi, kwa viti 17, ina 258,651 kwa kila kimoja. Hiyo ni karibu asilimia 58 juu ya wastani, mbali na ile 40 inayoruhusiwa.

Njia ya mkato ilijaribiwa. Mswada wa kubadilisha katiba uliojulikana kama BBI ulitaka kuongeza viti 70, Nairobi ipewe 12. Mahakama ziliuzuia, na sehemu iliyogawa viti hivyo moja kwa moja, bila tume huru na bila wananchi kusikilizwa, ilikuwa kati ya zilizokataliwa. Kwa maoni yangu zilifanya vyema, hata kama Embakasi ingenufaika. Nairobi ilinyimwa viti mwaka 1996 na wanasiasa waliochora ramani kwa faida yao. Kupewa viti kwa njia ile ile kusingeondoa ugonjwa.

Katiba inataka mipaka ipitiwe kila baada ya miaka 8 hadi 12. Muda huo uliisha Machi 2024 IEBC ikiwa haina makamishna, waliokuwepo wakiwa wameondoka mapema mwaka 2023, na wapya wakaapishwa Julai 2025. Safari hii ulinzi wa mapitio ya kwanza haupo. Viti ni 290 bila kuongezwa, kwa hiyo kila kitakachokuja Nairobi kitatoka kaunti nyingine, na wabunge wa huko watakuwa mstari wa mbele kukitetea. Mkazi wa Mihang'o au Kware anayetaka kusikilizwa aandae hoja yake sasa: hesabu za sensa, orodha ya mitaa inayotumia barabara na soko moja, na ramani ya wadi yake, ili tume itakapoita vikao vya umma asiende na malalamiko matupu.